Mita Haihesabu Foleni

Mhadhara kuhusu muda wa kubadilisha oili na vimiminika vingine vya gari, uliotolewa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam

   

Nimeombwa nijibu swali dogo: vimiminika vya gari vibadilishwe kila baada ya muda gani? Swali hili huulizwa kutwa nzima kwenye maduka ya vipuri, na jibu lake huwa namba moja. Huyu atakwambia elfu tatu, yule elfu tano, na karatasi inabandikwa kwenye kioo, mambo yamekwisha. Lengo langu ni kuonyesha kwamba namba moja haiwezi kulihudumia gari zima, kwa sababu kila kimiminika kina kitu chake kinachokiua. Na kwa gari linaloshinda katikati ya jiji hili, kilomita ndicho kipimo kinachodanganya kuliko vyote. Nina hoja tano. Hazilingani urefu, kwa hiyo anayehesabu dakika asinihukumu kwa hoja ya kwanza.

1. Injini huzeeka kwa saa

Wenye maduka, jambo hili mnalijua tayari. Umeme ukikatika, Kariakoo nzima hunguruma kwa majenereta. Jenereta halina kilomita. Fundi akija huangalia saa lilizofanya kazi, na kwa majenereta mengi ya dizeli oili humwagwa kila saa 250. Hakuna anayebisha. Lakini mwenye duka huyohuyo akishafunga, akaingia kwenye Noah yake, saa anazisahau na kuanza kuhesabu kilomita.

Tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda mkoani kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, likifikisha saa 250 litakuwa limekwenda kilomita 15,000. Gari linalosukumana na mikokoteni kutoka Gerezani hadi Mtaa wa Uhuru, kisha likaganda kwenye taa, tulipe wastani wa kilomita 15 kwa saa. Kwa saa hizohizo 250 litakuwa limekwenda kilomita 3,750. Injini ni ileile, na imezunguka muda uleule, lakini mita zinasema mambo mawili tofauti kabisa. (Mafundi msinirukie. Najua saa ya kusimama kwenye foleni si sawa na saa ya jenereta lililobeba mafriji ya bucha. Nataka tuone tu jinsi mita inavyoweza kutuficha kazi iliyofanyika.)

Na kusimama kwenyewe si kupumzika. Gari likisimama na kiyoyozi kikiwaka, upepo wa mwendo haupo, feni peke yake ndiyo inayohangaika, na joto chini ya boneti linapanda. Petroli isiyoungua vizuri hupenya kando ya ringi za pistoni, ikashuka hadi kwenye sampo na kuifanya oili iwe nyepesi. Mvuke wa maji na asidi zinazotokana na kuungua kwa mafuta nazo hushukia hukohuko. Oili nzuri huwa na dawa za kupambana na asidi na uchafu, lakini dawa hizo huisha. Oili yenyewe inaweza kuwa bado imejaa hadi alama ya juu ya kijiti huku dawa zake zimekwisha.

Watengenezaji wanalijua hili. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu chake kimo ndani ya dashibodi, kimeandikwa Kijapani, hakuna aliyewahi kukifungua. Kwa magari ya petroli yasiyo na tabo, Toyota huko Japani huandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kipi kitangulie. Ukisikia hivyo utadhani mafundi wa Gerezani wanakuibia. Endelea kusoma. Kitabu hichohicho kinasema gari likitumika katika hali ngumu muda huo hukatwa nusu: kilomita 7,500 au miezi sita. Hali ngumu ni zipi? Barabara mbovu, kwenda polepole na kusimama na injini inayowaka, na safari fupi zisizozidi kilomita 8. Mwenye IST anayetoka Ilala Bungoni kuja Kariakoo na kurudi ameshatimiza masharti hayo kabla ya chai ya saa nne. Na kumbukeni, kitabu kimeandikiwa gari jipya lenye oili inayotakiwa, hakikuandikiwa gari la miaka 15 linalowekewa oili ya kupima kutoka kwenye pipa.

Kwa hiyo nasemaje? Gari dogo la petroli linaloishi kwenye foleni za katikati ya jiji, likiwekwa oili ya daraja lake, limwagwe kwa kilomita 5,000 au miezi sita, kipi kitangulie, na filta ibadilishwe hapohapo. Linalofanya kazi ya teksi kutwa, au linalotumia oili ya kawaida ya 20W-50, lisivuke 4,000. Daladala na Canter za mizigo zihesabiwe kwa saa kama jenereta. Daladala inayoamka saa kumi alfajiri na kulala saa nne usiku hufikisha saa 250 ndani ya wiki mbili na siku chache. Dereva anajua, lakini deiwaka aliyeshika usukani leo hajui aliyeshika jana alifanya nini, na bosi anachokiuliza ni hesabu yake. Andikeni tarehe kwenye daftari la konda. Hiyo tu.

Na wewe ambaye gari lako hutoka Jumapili tu kwenda kanisani, miezi sita inakuhusu pia. Nikisema hivi watu hucheka, kisha baadaye huja kuniuliza pembeni.

Neno moja kwa wanaofuata ushauri wa Wamarekani. Elfu tatu yao ya zamani ni maili, sawa na kilomita kama 4,800. Sio elfu tatu ya kwetu.

2. Rangi si kipimo

Fundi huchomoa kijiti, hupaka oili kidoleni, hutikisa kichwa: “Mzee, hii imekufa.” Oili nyeusi inaogopesha. Lakini kwenye injini ya dizeli oili mpya inaweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa, na huo ni ushahidi kwamba inafanya kazi. Imebeba masizi ili yasigande kwenye kuta za injini. Oili ya kuogopa ni ile ya dizeli inayobaki nyeupe muda mrefu. Masizi yamekwenda wapi?

Kuna kipimo cha bei ya karatasi. Pasha injini moto, izime, chomoa kijiti, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, kisha liache kwa saa kadhaa. Tone likisambaa taratibu, rangi ikipungua kidogokidogo kuelekea pembeni, dawa za kubeba uchafu bado zipo. Likibaki doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, na pembeni yake oili safi imejitenga, uchafu umeanza kuganda, mwaga. Na ukikuta oili yenye rangi ya chai ya maziwa, usihangaike na karatasi. Maji ya rejeta yanaingia kwenye injini, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi. Kumwaga oili hakutatibu hilo.

Nipite haraka kwenye uzito wa oili. Injini nyingi ndogo za Toyota zimetengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30 na jamaa zake. Oili nzito huchelewa kupanda juu injini inapowashwa, na dakika hizo za kwanza ndizo zinazosaga vyuma. Injini chakavu inayokula oili inaweza kuvumilia oili nzito zaidi. Gari zima lisipewe dawa ya mgonjwa.

Kuhusu oili bandia, Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani wanafanya kazi yao, nasi tufanye yetu. Ukishamwaga oili kwenye injini yako, toboa kopo tupu. Kopo zima lenye nembo nzuri ni mtaji wa mtu.

3. Breki huzeeka kwa kalenda

Hapa naomba mnisikilize hata mliochoka, kwa sababu oili mbovu huua injini, lakini jambo hili huua watu.

Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, yana tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Unyevu huo hupitia kwenye mipira, kwenye kifuniko cha kikopo, popote. Na sisi tunaishi pwani, ambako shati hulowa ukiwa umekaa kivulini. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi joto 205. Ikishavuta maji asilimia 3.7, kiwango chake cha chini kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 inaanzia 230 na kushuka hadi 155. Haihusiani na kilomita. Gari lililoegeshwa Upanga mwaka mzima limevuta unyevu sawa na jirani yake anayetembea.

Hapa mjini hutaona tofauti. Jiji letu ni tambarare na mwendo ni wa kinyonga. Tatizo linasubiri Desemba. Familia imepanda gari, mizigo juu, inatoka Iringa kurudi Dar es Salaam, inateremka Kitonga. Dereva hashushi gia, anakanyaga breki kona baada ya kona. Disiki zinapata moto, joto linafika kwenye mafuta, maji yaliyomo yanageuka mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Mguu unakwenda hadi chini na gari halisimami. Wakinusurika, wakasimama pembeni nusu saa, mvuke unapoa, pedali inarudi juu kama kawaida. Fundi wa Ruaha Mbuyuni anakagua, haoni kitu. Ndipo maneno ya kishirikina yanapoanza.

Kwa hiyo mafuta ya breki yabadilishwe yote kila miaka miwili, gari liwe limetembea au halikutembea. Kubadilisha maana yake ni kuyatoa ya zamani kwenye magurudumu yote manne, mapya yakisukuma, hadi yatoke meupe, na upepo utolewe. Kuongezea juu ya kikopo sio kubadilisha. Na kikopo kikipungua, jiulize kwanza kwa nini. Pedi zikilika, mafuta hushuka ili kujaza nafasi. Ukiongezea tu umejifichia habari kwamba pedi zimekwisha. Kama pedi ni nzima, basi kuna mahali panavuja.

Chupa iliyofunguliwa ikakaa rafu ya duka miezi minane imevuta unyevu wake tayari. Nunua ndogo iliyofungwa. DOT 3 na DOT 4 zikichanganyika hakuna maafa, ila DOT 5 ya silikoni isikutane nazo. Na tafadhali, oili ya injini au haidroliki isiingie kwenye kikopo cha breki hata kijiko kimoja. Mipira ya masta silinda huvimba, na ikishavimba umenunua mfumo mzima.

Wenye malori na mabasi makubwa ya breki za upepo: unyevu huohuo hugeuka maji ndani ya matangi ya upepo. Yafungueni yatoke kila siku. Ni kazi ya dakika.

4. Giaboksi na rejeta, wahanga wa joto

Oili ya giaboksi ya otomatiki haichanganyiki na moshi wala petroli, ndiyo maana hudumu. Kinachoiua ni joto. Kanuni ya jumla ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, oili huharibika kwa kasi karibu mara mbili. Mkiambiwa giaboksi fulani imefungwa na oili yake ni ya maisha, ulizeni maisha ya nani. Mimi nashauri kilomita 40,000 hadi 60,000 kwa gari la mjini hapa, na litumike jina la oili lililoandikwa kwenye kijiti au kitabuni.

Jina ni muhimu kuliko muda. Kuna Dexron, kuna T-IV, kuna WS, na kuna za CVT. IST ya kwanza ina giaboksi ya gia nne inayotumia T-IV. IST nyingi za mwaka 2007 na kuendelea zinakuja na CVT. Kwa macho ni ndugu. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. Ukimimina haidroliki nyekundu ya kila gari, gari litaondoka dukani likitembea vizuri kabisa. Ugomvi utaanza baadaye, na fundi atakuwa amebadilisha namba ya simu. Nimewasikia mmeguna, basi wapo.

Mkifungua nati hutoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye toki konveta. Pimeni iliyotoka, rudisheni kiasi hichohicho, na kama mnataka kuisafisha yote mrudie baada ya muda. Giaboksi iliyofika kilomita 200,000 bila kuguswa, na imeanza kuchelewesha gia, oili mpya haitaifufua. Msimlaumu fundi aliyeikuta inakufa.

Kwa bodaboda hadithi ni nyingine. Injini, gia na klachi huoga oili moja, takriban lita moja tu. Oili za magari nyingi zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuteni kopo lililoandikwa JASO MA. Mkiona pikipiki inanguruma lakini haivuti kupanda daraja, huenda mmeipa oili ya Corolla.

Sasa rejeta. Naulizwa: sisi hatuna barafu, kulanti ya nini? Kulanti inazuia kutu, inalainisha pampu ya maji, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya visima vingi vya mji huu yana chumvi, na hedi za siku hizi ni za alumini. Matokeo mnayaona Gerezani kila asubuhi. Kulanti ya kijani ya kizamani haipiti miaka miwili. Ile ya waridi ya Toyota hudumu kilomita 160,000 mara ya kwanza, kisha 80,000, mradi isichanganywe na maji ya kisima, na gari letu lililotumika hatujui ilichanganywa na nini njiani. Tukilinunua, tumwage, tuanze upya. Ukiongezea, tumia maji yaliyosafishwa. Rejeta ya moto haifunguliwi, hata kama konda anakuharakisha.

Na acheni kung'oa themostati eti nchi yetu ina joto. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na kushusha petroli kwenye oili. Tunarudi palepale pa hoja ya kwanza.

Vingine vinahitaji sentensi chache. Oili ya difu, kilomita 40,000, na mapema zaidi kama gari limezama kwenye mafuriko ya Jangwani. Haidroliki ya stelingi, ikiwa nyeusi au inanukia kuungua. Ila IST, Vitz na Passo nyingi zina usukani wa umeme. Hazina haidroliki hiyo hata tone. Ukiandikiwa kwenye risiti, omba uonyeshwe kikopo chake.

5. Iliyomwagwa inakwenda wapi

Kumwaga mapema mno nako kuna gharama, na gharama hiyo haiishii mfukoni. Oili chafu ina vyuma na kemikali ambazo baadhi zinahusishwa na saratani. Kwetu hupakwa nguzo dhidi ya mchwa, hupakwa mbao za zege, na iliyobaki huingia mtaroni. Baadhi ya mitaro yetu inaelekea Mto Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini kwenye Daraja la Salenda, wanakovua watu tunaowanunulia samaki. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, tuna Baraza la Mazingira, NEMC. Tunachokosa ni pipa. Pipa moja lenye kifuniko kwa kila mtaa wa gereji, na mnunuzi mwenye kibali anayepita kulichukua. Mwenyekiti, naomba ombi hili lifike manispaa kwa maandishi, na mafundi walioko hapa wawe wa kwanza kutia saini.

Miaka inayokuja itayabadilisha mengi niliyosema. Magari ya gesi asilia yanaongezeka jijini, na wengi wenu mmeshafunga mitungi. Oili ya injini ya gesi hubaki safi kwa macho muda mrefu, lakini joto la gesi huizeesha kimyakimya. Kwa hiyo msirefushe muda kwa kuangalia rangi, na wauzaji waanze kuleta oili zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Bajaji na pikipiki za umeme nazo zinakuja. Hazina oili ya injini kabisa, na biashara ya kopo la lita nne itapungua. Lakini zenye breki za mafuta zitaendelea kuvuta unyevu wa pwani kama kawaida, na zile zenye giaboksi zitataka oili yake. Fundi wa Gerezani anayetaka kula mwaka 2040 aanze kujifunza hayo sasa, na vyuo vyetu vimfuate gereji jioni badala ya kumsubiri darasani.

 Tuna muda wa maswali. Naona kuna mkono huko nyuma umekuwa juu tangu nilipotaja klachi. Kaka wa bodaboda, karibu, tuanze na wewe.